Alama Nne za Mwalimu Ndahani

Jumamosi, Oktoba. Saa kumi na mbili kasoro jioni, na joto halijashuka hata kidogo.

Upepo wa Dodoma mwezi huu hauna adabu. Umeingia bila hodi, umepitisha vumbi chini ya mlango, umelala juu ya vyombo nilivyosuuza asubuhi, na sasa uko kwenye kibodi, kila nikibonyeza herufi inakwaruza. Mafundi wa kuchomelea nyuma ya nyumba yangu hapa Kizota wamefunga mapema kwa sababu umeme ulikatika mchana kutwa. Umerudi sasa hivi. Binti yangu Tumaini yuko kwa shangazi yake, nami nimebaki na modemu na hasira.

Leo nimeitwa msaliti mbele ya watu, na sikukataa.

Naandika sasa kwa makusudi, maana najijua. Nikilala na hasira hii, kesho nitaamka mpole, nitaanza kuwatafutia watu udhuru, na jambo lenyewe litageuka kuwa "tofauti ndogo ndogo za kikundi." Halikuwa dogo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini, huu ni mwaka wa kumi na nne. Nachapa haraka kuliko mtu yeyote kwenye jengo letu. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu kisa chote kimeanzia kwenye vidole vyangu. Kazi niliyoingia na cheti cha kidato cha nne na cha uhazili, leo wanaitakia shahada. Ndiyo miaka ya soko huria hii, tuliambiwa kwenye kikao cha wafanyakazi, asiyesoma asilalamike atakapopunguzwa. Sikulalamika. Nilijiandikisha chuo kimoja binafsi, masomo ya maendeleo ya jamii, yale ya nusu darasani nusu mtandaoni. Jumamosi mbili kila mwezi tunakaa darasani ana kwa ana. Siku nyingine tunakutana kwenye jukwaa la chuo kwenye intaneti, kila mtu na jina lake na nywila yake, na kompyuta inahesabu nani kaweka nini na mara ngapi.

Muhula huu tuligawanywa makundi ya watu wanne wanne. Kundi letu ni mimi. Edgar, mwenyekiti, ofisa wa kampuni ya bima ambaye hufunga tai hata siku ya Jumamosi. Zainabu, karani mwenzangu wa ofisi nyingine, mcheshi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuogopa. Na Mwalimu Ndahani.

Mwalimu Ndahani ni Mgogo wa upande wa Bahi, anafundisha shule ya msingi kijijini kwao. Ana miaka arobaini na kitu. Haongei sana, na akiongea husubiri kwanza uwe umemaliza, jambo ambalo kwenye kundi letu lilimfanya asiongee kabisa. Mwalimu mkuu wake alimpa ruhusa ya kuondoka Ijumaa mchana kwa mwaka huu mmoja tu wa masomo. Akifeli somo lolote, ruhusa haiongezwi, na masomo yanaishia hapo. Hilo tulilijua sote wanne tangu siku ya kwanza, alituambia mwenyewe.

Kijijini kwao mtandao haupo. Kuna jiwe moja kubwa nyuma ya shule ambalo ukipanda juu yake simu inashika, na simu yenyewe ni ya tochi.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: mtafute kijiji kilichochimbiwa kisima cha pampu ya mkono kisha watu wakakiacha, mueleze kwa nini. Edgar alisema tutafute taarifa kwenye intaneti. Ndahani akasema, taratibu, kwamba pampu ya namna hiyo iko mita mia nne kutoka mlangoni kwake. Basi akapewa kazi ya kwenda kuuliza watu. Alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukanyaga jua lile.

Akaenda. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akaongea Kigogo na kina mama, na wachunga ng'ombe, na kamati ya maji, akaandika yote kwenye daftari kubwa, la jalada gumu, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani ambao unaweza kuusoma ukiwa umesimama mlangoni. Kila Jumanne mama mmoja muuza mchele wa Bahi aliniletea kurasa hizo sokoni Majengo, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya gunia. Nilikuwa nazichukua saa ya chakula, narudi ofisini, nazichapa, nazipandisha kwenye jukwaa. Punje za mchele zilikuwa zinadondoka kwenye meza yangu.

Nilizipandisha kwa jina langu.

Siku ya kwanza Ndahani alikuwa amenipa kikaratasi chenye nywila yake. Nilijaribu. Ikataka anwani ya baruapepe, naye hakuwa nayo, ikataka nimfungulie, ikataka nithibitishe, na saa ya chakula ilikuwa inakwisha. Nikasema ah, kundi ni moja. Nikaingia kwa jina langu, nikabandika kazi, nikatoka. Jumanne iliyofuata nikafanya hivyo hivyo, na iliyofuata. Hakukuwa na njama yoyote. Kulikuwa na uvivu, na uvivu ukishapewa wiki mbili unakuwa utaratibu.

Sasa nieleze kilichokuwemo kwenye zile kurasa, maana bila hicho hamtaelewa.

Wataalamu waliochimba kile kisima walipima maji wakakuta ni safi. Wakaondoka. Miezi michache baadaye kina mama wakarudi kuchota lamboni, kwenye maji ya matope wanakonywesha ng'ombe. Kila aliyekuja kuuliza aliandika kwamba wanakijiji hawana elimu ya afya. Ndahani hakuuliza kuhusu afya. Alikaa jikoni na bibi mmoja mpaka chakula kikaiva, na bibi akamwambia: maji ya pampu yana chumvi, maharage hayaivi. Unachochea tangu asubuhi mpaka jioni, kuni zinakwisha, maharage yako vile vile kama changarawe. Kwa hiyo maji ya kunywa walichota pampuni, na ya kupikia lamboni. Pampu ilipoharibika mara ya kwanza, wakaona afadhali safari iwe moja. Hakuna mtaalamu hata mmoja aliyewahi kuuliza habari za maharage.

Nilipochapa ukurasa ule nilisimama nikaenda dirishani. Mimi nimekulia Kondoa, nimechota maji kwa kichwa, na sikuwahi kufikiri kwamba jambo kama hilo linaweza kuandikwa likawa elimu.

Jumamosi iliyofuata, mhadhiri wetu, mama mmoja mwembamba ambaye sote tunamwita Dokta, aliingia darasani na karatasi mkononi. Akasoma habari ya maharage kwa sauti, neno kwa neno. Akasema, "Hiki ndicho ninachokitaka. Mama Tumaini, simama wakuone."

Nikasimama.

Wakapiga makofi. Mwalimu Ndahani alikuwa kiti cha nyuma. Sikugeuka.

Nimejaribu kukumbuka nilichokuwa nawaza wakati ule, na jibu la kweli ni kwamba nilifurahi. Miaka kumi na minne nachapa barua za watu wengine, nawekea watu wengine nafasi ya kutia saini. Makofi yale yalikuwa matamu. Nilijiambia nitamweleza Dokta baadaye. Baadaye ikawa wiki saba.

Halafu ikaja fomu ya kupimana.

Chuo chetu kina utaratibu kwamba mwisho wa kazi kila mwanakikundi anawapa wenzake alama, kila mmoja juu ya ishirini, na kueleza sababu. Ni siri, unajaza mtandaoni peke yako. Nani asiyejua tunavyofanya? Tunakaa kikao kwanza, tunakubaliana, kila mtu anampa mwenzake ishirini, tunakula chipsi, tunaachana. Sasa Dokta safari hii alikuwa ameshtukia. Alitangaza kwamba kundi ambalo watu wote watapata alama zinazofanana ataliita lijieleze. Na akaongeza sharti: ambaye jumla ya alama alizopewa na wenzake haifiki nusu, yaani thelathini kwenye sitini, kazi ya kundi haihesabiki kwake. Kazi hiyo ni nusu ya somo. Maana yake amefeli.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Edgar na Zainabu walikuja kwangu kwenye kikao. Ndahani hakuwepo, yuko kwao. Tulikaa barazani, mafundi wanasaga vyuma nyuma ya ukuta, tukawa tunaongea kwa kupayuka. Edgar alikuwa amekwisha panga. Sisi watatu tupeane kumi na nane na kumi na tisa, tusipeane ishirini tusije tukashukiwa. Na lazima apatikane mmoja wa kuwa chini ili fomu ionekane ya kweli.

"Ndahani apewe nne," akasema. "Tena hatumwonei. Nenda kwenye jukwaa sasa hivi, tafuta jina lake. Hakuna. Kompyuta yenyewe inasema hajafanya kitu."

Zainabu akaniangalia. Alikuwa anajua. Edgar naye alikuwa anajua, maana ndiye aliyemtuma Ndahani kwa wale kina mama. Tulikuwa watu watatu tunaojua, tumekaa barazani kwangu, tunakunywa chai yangu.

Nikasema, "Sawa."

Andiko hili lingekuwa rahisi sana kama ningeweza kusema nilisimama siku ile ile nikawafukuza. Sikuwafukuza. Niliwaongeza chai.

Jumanne mama wa mchele akaniletea mfuko wa mwisho. Kurasa tatu, na juu yake kikaratasi: "Mama Tumaini, hizi ndizo za kumalizia. Samahani kwa kukusumbua muhula mzima. Bibi wa maharage anakusalimu, nimemwambia kuna mama mjini anayaandika maneno yake vizuri."

Nilikisoma nikiwa nimesimama kati ya magunia. Nikasikia aibu, aibu ya mwilini kabisa, mpaka masikio yakapata moto. Mama wa mchele akaniuliza kama kuna msiba.

Nikarudi ofisini nikafungua fomu. Nikampa Ndahani ishirini. Kisha nikachukua kalamu nikapiga hesabu: nne za Edgar, nne za Zainabu, ishirini zangu. Ishirini na nane. Nusu ni thelathini. Ishirini yangu yote, na bado mtu anafeli kwa alama mbili. Nikaona kumbe haitoshi kuwa mwema kwa siri. Wema wangu wa siri ungemzika kama ubaya wao.

Kwa hiyo nikamwandikia Dokta. Nilichapa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuchapa: kwamba kazi yote ya kijijini iliyoko kwenye jukwaa kwa jina langu ni ya Mwalimu Ndahani, kwamba kurasa za daftari lake ninazo, kwamba nilisimama nikapigiwa makofi yake, na kwamba tumekaa kikao kumpa nne. Nikaweka jina langu chini. Sikuitaja kanuni ya chuo inayokataza kuweka kazi ya mtu kwa jina la mwingine, lakini niliijua. Iko ukurasa wa kwanza.

Alhamisi Edgar alinipigia simu nikiwa kazini. Sijui nani alimwambia. Hakunisalimia.

"Mama Tumaini, wewe ni mtu mzima. Unatuchoma sisi wote kwa ajili ya mtu ambaye hata hajui kufungua baruapepe? Dunia imeshabadilika. Asiyeweza kwenda na teknolojia ajilaumu mwenyewe."

Nilimwambia, "Edgar, wewe unaijua teknolojia. Kwenye jukwaa umeandika nini muhula mzima?"

Akakata simu. Nilikwenda kuangalia baadaye. Ameandika mara kumi na tisa. Mara kumi na tatu ni "Naunga mkono hoja."

Basi, leo. Dokta alituita sisi wanne tubaki baada ya kipindi. Alisema waliotaka kubaki wabaki pia, na bila shaka karibu nusu ya darasa ilibaki, nani atakosa sinema ya bure? Ndahani alikuwa amevaa shati lake jeupe la mikono mirefu na vumbi la safari kwenye viatu. Hakujua lolote. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: alikuja anatabasamu, akanipa mkono, akanisalimia "Mbukwa, Mama Tumaini," kama kila siku.

Dokta akasoma barua yangu kwa sauti.

Nilimwangalia Ndahani wakati inasomwa. Tabasamu liliondoka taratibu, na ilipofika kwenye ile nne aliinamisha kichwa akaanza kupangusa vumbi kwenye kiatu kwa kidole. Hapo Edgar akainuka akasema kundi lina siri zake kama nyumba ilivyo na siri zake, na kwamba mtu anayetoa siri ya nyumba nje ana jina lake. Akaligeukia darasa.

"Msaliti," akasema.

Nikasema, "Ndiyo. Nimekusaliti wewe. Na nilianza kwa kumsaliti yeye, ila hapo hukuniita hivyo."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika meza, nakiri. Lakini nilisema, na nimeyaandika hapa ili nisije nikayapunguza baadaye.

Dokta hakutoa hotuba. Alimwambia Ndahani aje mbele aeleze kazi. Bila daftari. Ndahani akasogea ubaoni, akachukua chaki, na hapo nikamwona mtu ambaye sikuwahi kumwona muhula mzima. Alichora kijiji, pampu, lambo, njia ya ng'ombe. Akaeleza nani anachota wapi na saa ngapi, kamati iliwahi kugombana na nani, kwa nini kuni ndizo ziliamua na si maji. Dakika ishirini bila kusita. Alituuliza maswali kama sisi ni darasa la tano, na watu wakanyoosha mikono! Dokta akamgeukia Edgar akamuuliza swali moja, jepesi, kuhusu ripoti yenye jina lake juu ya jalada. Edgar akarekebisha tai.

Kisha Dokta akagawa karatasi tupu. Akasema fomu za mtandaoni amezifuta, tujaze upya kwa mkono, alama na sababu, halafu kila mmoja asimame asome mbele ya mwenyewe. "Alama usiyoweza kuisoma mbele ya mwenye nayo," akasema, "huo ni umbea."

Edgar alimpa Ndahani kumi na nane. Zile nne zilikuwa zimekua haraka. Mimi akanipa tano, sababu: "Hana moyo wa ushirikiano." Nilikaribia kucheka.

Zainabu alisoma huku machozi yanamlengalenga. Ndahani kumi na tisa, Edgar tisa, mimi kumi na tano. Akasema aliogopa tu. Namwamini, na bado namkasirikia.

Mimi nikampa Zainabu kumi na tatu, kwa majedwali aliyoyapanga vizuri. Edgar sita: "Ameitisha vikao vitatu, amechelewa viwili." Ndahani ishirini. Nilipoisoma hiyo ishirini niliinua sauti kidogo. Ndiyo, nilitaka isikike. Ndiyo, nilisubiri kidogo baada ya kuisoma. Nimeahidi ukweli kwenye blogu hii.

Ndahani akawa wa mwisho. Jumla yake ilikuwa imeshafika hamsini na saba, ameshapona, na nikawa nimekaa nimestarehe, nikingojea shukrani. Alisoma kama anavyosoma mwalimu majina ya mahudhurio, bila kupandisha wala kushusha. Edgar, saba. Zainabu, kumi na nne.

"Mama Tumaini, kumi na mbili."

Nilidhani amekosea kusoma.

Akaendelea: "Sababu. Amechapa vizuri, hajabadilisha neno la watu. Amenitetea pasipo kuombwa, nashukuru. Lakini wiki saba aliona jina lake juu ya kazi yangu. Alisimama akapigiwa makofi mimi nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Angenyamaza wiki moja ningempa kumi na nane."

Akakunja karatasi akakaa.

Kwa hiyo aliona. Siku zote hizo aliona, na aliendelea kunitumia kurasa kila Jumanne, na kuniandikia samahani.

Dokta alitoa uamuzi wake kwa maneno machache. Kazi ya Ndahani inahesabiwa, amefaulu, na ripoti iandikwe upya, kila sehemu na jina la aliyeifanya. Mimi nimekatwa alama kumi kwenye mradi kwa kuvunja kanuni ya jukwaa. Sikubisha. Alama za wenzangu zina hesabu yake mbali: tano, kumi na tano, kumi na mbili, thelathini na mbili. Nimepita kwa alama mbili.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Zainabu alinivuta mkono. "Kata rufaa, Mama Tumaini! Umemwokoa mtu halafu anakuchinja hadharani? Kumi na mbili? Huyo hana hata haya." Edgar, ambaye ishirini na mbili zake zilikuwa zimemfelisha, alipita karibu yetu anacheka kidogo puani, cheko la mtu aliyefurahi kuona nami nimechinjwa.

Kisha Ndahani akaja, mfuko wake begani, anawahi gari la Bahi.

"Usinichukie," akaniambia. "Hata mtoto wa mwenyekiti wa kijiji nampa alizopata."

Nikamwambia sijamchukia. Uongo. Kwa wakati ule nilimchukia sana, na nilimchukia kwa sababu hakukuwa na neno hata moja kwenye karatasi yake ambalo ningeweza kulifuta.

Nimetembea kutoka chuoni mpaka hapa na jua lile utosini, sikutaka kupanda chochote wala kuongea na mtu. Njiani nilikuwa nabishana naye. Nilimwambia: ningekaa kimya ungefeli. Nilimwambia: nimekatwa kumi kwa ajili yako. Nilimwambia mambo mengi, na kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila mara alinijibu jambo lile lile, kwamba sikugeuka.

Sasa nimekaa, na ninajua mambo matatu au manne. Najua kwamba ningeifanya tena barua ile, hata leo, hata kama angenipa sifuri. Najua Jumatatu ofisini kuna watakaokuwa wamesikia, na wakiniuliza nitawaambia, sitashusha sauti. Najua kompyuta ya chuo inahesabu vidole na haimjui bibi wa maharage, na kwamba nitalisema hilo kwenye kila mkutano wa wanafunzi mpaka wachoke na mimi. Na Jumatano nitaandamana na Ndahani, akija mjini kwa mambo ya mshahara wake, mpaka intaneti kafe, tutamfungulia anwani yake, kwa jina lake, hata kama itachukua saa yangu yote ya chakula. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nusu saa tu tangu mwanzo.

Edgar, najua unasoma blogu hii, uliwahi kuniambia. Nafasi ya maoni iko hapo chini. Andika unachotaka, uniite lile jina tena ukipenda, ila safari hii weka jina lako.

Zainabu amenitumia ujumbe sasa hivi. Anasema mwisho wa kupeleka rufaa ni Jumatatu saa nne, na fomu ameshanichukulia, nijaze tu. Nimejiuliza, kwa uaminifu wote nilionao: mimi ningekuwa ndiye niliyekaa kile kiti cha nyuma, ningempa mwanamke yule aliyesimama mbele ngapi?

Nisingempa kumi na mbili. Ningempa nne.

Sikati rufaa.